Mume wangu alitaka jina la mtoto lianze na N, hivi ndivyo tulivyolipata

Nianze na kazi yangu maana ndio iliyonifundisha mambo ya majina. Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, niko Majengo, na kila ikifika Desemba mpaka katikati ya Januari kazi yangu kubwa ni sketi za shule na kudarizi majina kwenye masweta. Mzazi analeta sweta mbili tatu, ananiandikia jina la mtoto kwenye karatasi, nadarizi kifuani. Nimefanya hivyo miaka mingi mpaka sasa nikikutana na mtoto njiani nasoma kifua kwanza ndio naangalia sura. Kwa hiyo mimba yangu ilipofika miezi saba, mume wangu akaniambia mtoto akiwa wa kike angependa jina lianze na N, nikamwambia hilo dogo, jioni ntakuwa nimemaliza. Ilinichukua miezi miwili.

Hiyo N ina mwenyewe. Mama mkwe wangu anaitwa Ndeshi, kwao Machame, na mnajua kwa Wachaga wengi mtoto wa kwanza wa kike anachukua jina la bibi mzaa baba, wa pili ndio anahamia upande wa mama. Mi sikuwa na shida na hilo hata kidogo. Aliyekataa ni mama mkwe mwenyewe. Tulipanda kwenda kumsalimia tukamweleza nia yetu, akatusikiliza huku anamenya ndizi zake, alafu akasema, "Mkimwita Ndeshi mtamgombezaje? Siku amemwaga maziwa utasema we Ndeshi huna akili, na mimi nimekaa hapa nasikia?" Na ni kweli kabisa, mtoto mwenye jina la mkwe humwiti hivi hivi, wengi wanaishia kumwita "mama" au "bibi" nyumba nzima, mtoto anafika chekechea mwalimu anaita jina haitiki kwa sababu hajui kama ndio lake. Basi akasema chukueni herufi yangu ya kwanza, inatosha, mtoto awe na jina lake.

Nakwambia hii stori kwa sababu kabla hujafungua listi yoyote ya majina inabidi ujue herufi unayoitaka ni ya nani. Kuna wateja wangu wanataka herufi kwa sababu wakubwa ni Brian na Brenda kwa hiyo wa tatu naye awe wa B, ni sawa, inapendeza kwenye picha, lakini herufi ya namna hiyo haina mwenyewe, ukikosa jina unalolipenda iache tu. Usimpe mtoto jina ambalo hata we ukilitamka haliji vizuri mdomoni eti lifanane na la kaka yake. Ila kama herufi ni ya mtu, na mtu huyo yupo hai, kamuulize. Anaweza kukupa ruhusa ambayo hukuitegemea kama alivyotufanyia mama.

Halafu herufi ina mambo yake. Mi jina langu linaanza na A na nimekuwa wa kwanza maisha yangu yote bila kupenda, chanjo shuleni wa kwanza, kusoma mbele ya darasa wa kwanza, kidato cha nne namba yangu ya mtihani iliishia na 0001. Nilipopiga hesabu kwamba N iko katikati ya rejista nikafurahi kwa ajili ya mwanangu, atapata muda wa kuona wenzake wanafanyaje.

Nikaanza na daftari langu la oda. Neema ndio anaongoza, hakuna anayemkaribia, kuna Januari nilidarizi Neema wanne wa darasa moja mpaka mama mmoja akaniomba nimwekee ua pembeni ili sweta lisipotee. Ni jina zuri mno, lina maana ambayo huhitaji kumweleza mtu, ila ukilichagua jua mwanao ataitwa Neema wa fulani mpaka anamaliza shule. Wapo Nancy wengi pia, na hapa kwetu kaskazini nikisikia Nancy nawakumbuka wale ndugu wawili wa Arusha, Nancy Sumari aliyekuwa Miss Tanzania 2005 na Nakaaya mwanamuziki, wote wa N, mmoja wa Kizungu mwingine wa nyumbani, na hakuna aliyefunikwa na mwenzake. Ndio nikaona kumbe sio lazima uchague kati ya kusikika mjini na kueleweka kijijini. Wateja wangu Waislamu ndio wana utajiri wa N kuliko wote, Nuru ambayo ni mwanga, Najma ni nyota, Nasra ambalo limebeba nusura, Naima, na Nusaiba jina la yule mwanamke aliyesimama vitani Uhud kumlinda Mtume. Jirani yangu aliniambia wao siku ya saba ya akika jina liwe limeshapatikana kwa hiyo hawana miezi miwili ya kuzunguka kama mimi, nikamwonea wivu.

Upande wangu sasa. Mama yangu mzazi ni wa Monduli, na kama hujui, majina mengi ya kike ya Kimaasai yanaanza na Na, yani mimi nilikuwa na ghala zima la N nyumbani kwetu na sikuwahi kulifikiria. Naserian ni mwenye amani, Namnyak ni mwenye bahati, Nashipai ni wa furaha, Namelok ni mtamu, Nasieku ni yule aliyewahi kuja. Nilimpigia mama simu usiku tukakaa nusu saa anayataja na kila jina ananiambia na mtu wake, huyu shangazi yako, huyu tulichota naye maji, huyu alifariki kabla hujazaliwa. Dada yangu unayesoma hapa, kabla hujaingia intaneti fanya hiyo simu, hata kama mwisho hutachukua jina hata moja. Mi mambo ya ukoo wa mama niliyoyajua usiku ule sikuwahi kuyajua miaka yote.

Wifi yangu wa Dar naye akaleta ya kwake kwenye grupu la familia, Nevaeh, Nylah, Naya, Nicole. Nevaeh nimekuja kuelewa ni neno la Kiingereza la mbinguni limeandikwa kinyumenyume, wazo zuri sana, lakini nilimwandikia mama mkwe kwenye karatasi nikampa asome akalitazama muda mrefu akanirudishia. Jina ambalo bibi hawezi kulisoma wala kulitamka nililitoa palepale, sio kwa kumwogopa, bali kwa sababu yeye ndiye atakayekaa na mtoto likizo zote na sitaki mwanangu awe na jina moja Moshi mjini na lingine Machame bila sisi kupanga.

Kuna kipimo nilikibuni ambacho nakishauri sana. Jioni tukiwa kwa mama mkwe nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama upande wa migomba nikaanza kuita kila jina lililobaki kwa sauti, kama vile mtoto yuko mbali na chakula kimeiva. Mume wangu akacheka alafu akaja akanisaidia. Utashangaa. Jina likiishia na irabu linakwenda mbali, Neemaaa, Naomiii, Nuruuu. Likiishia na konsonanti mdomo wetu wenyewe unaongeza irabu, Namnyak anakuwa Namnyaki, Naserian anakuwa Naseriani, sio vibaya ila amua kabla utaliandikaje maana wewe unaandika hivi, mwalimu anaandika vile, na mimi fundi nadarizi nilivyopewa. Na kuna Nina. Nililipenda Nina, fupi, laini. Nikaita "Nina!" na mtoto wa jirani upande wa pili wa ua akajibu "Una nini?" Hapo hapo nikalifuta. Kwenye nchi nyingine Nina ni jina tu lakini kwa Kiswahili mtoto atajibiwa hivyo kila siku ya Mungu. Kwa hiyo jina lolote la nje liangalie kwanza Kiswahili kinalisemaje, na lugha za pande zote mbili za familia.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, jina la mtoto wa kwanza ni jina lako wewe. Toka siku nimejifungua hakuna mtu mtaani kwetu anayeniita jina langu, sokoni Mbuyuni hawanijui kwa lingine, hata namba yangu kwenye simu za wateja imeandikwa Mama fulani. Mume wangu vilevile, Baba fulani. Kwa hiyo yale mliyobakiza yatamkeni na Mama na Baba mbele. Kuna moja tulilipenda wote wawili lakini mume wangu aliposema "Baba" akaunganisha nalo akanyamaza, nikajua limetoka.

Tukabaki na mawili, Namelok na Naomi. Naomi nililikuta kanisani, siku hiyo somo lilikuwa kitabu cha Ruthu, na nikiwa nimekaa pale ndio ikanijia kwamba Naomi ni mama mkwe. Yule ambaye Ruthu alikataa kumwacha alikuwa mkwewe tu, hawana damu moja. Na mimi herufi yangu nimepewa na mama mkwe wangu! Nilitoka pale machozi yananilenga. Mama mmoja wa usharika wetu alinionya kwamba Naomi alipata mabaya mengi mpaka akakataa jina lake akataka aitwe Mara, yani uchungu, na ni kweli imeandikwa hivyo, ila hadithi haikuishia hapo, inaisha Naomi amempakata mjukuu kifuani. Maana ya jina lenyewe ni kitu kizuri, cha kupendeza, utamu kabisa, ambayo haiko mbali na Namelok ya mama yangu wa Monduli. Lugha mbili, jina kama moja.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Nilitaka kuyaandika yote mawili kwenye cheti. Mume wangu akakataa na alikuwa sahihi. Fomu zetu nyingi zina nafasi tatu, jina la kwanza, la kati, la mwisho, na kawaida ni la mtoto, la baba, la babu au ukoo. Ukiingiza la nne, fomu moja litaingia, nyingine halitaingia, na mtoto anakua ana majina tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Nina mdogo wangu alihangaika sana wakati wa kuomba mkopo wa chuo kwa ajili ya jina moja la ziada, kiapo kwa wakili, nauli, siku zinakwisha. Chagua moja la karatasi zote, la pili liwe la nyumbani na libaki nyumbani. Sisi karatasi ni Naomi, Monduli ni Namelok.

Na siku ya kujifungua nenda na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako mwenyewe. Mi nililitamka tu kwa mdomo, nimechoka, aliyekuwa anaandika naye amechoka, lile tangazo la kizazi, karatasi unayopewa ukijifungua ili ukafuate cheti, likatoka limeandikwa Neomi na sikulisoma mpaka nimefika nyumbani. Ilibidi baba yake arudi mara mbili kurekebisha kabla hatujaenda kufuata cheti. Tulikuwa bado ndani ya zile siku 90 za kusajili kwa hiyo haikuwa shida kubwa, lakini soma kabla hujaondoka pale, herufi kwa herufi, hata kama unaumwa mwambie aliyekusindikiza asome.

Tulivyompeleka Machame mara ya kwanza mama alimpokea akauliza anaitwa nani, ingawa alishajua, akataka kusikia. Nikamwambia Naomi, mama, kwa herufi yako. Akasema "Aika", yani asante kwa Kichaga, mara mbili tatu, akamgeukia mtoto akamwita, na analiita vizuri kuliko mtu yeyote, anavuta ile i ya mwisho.

Januari hii Naomi ameanza chekechea, nimemdarizia masweta yake mwenyewe, herufi tano tu, nyuzi nyeupe kwenye sweta la kijani. Darasani kwao wapo Naomi wawili, kwa hiyo nimeongeza na herufi ya kwanza ya jina la baba yake.