Re: Albamu ya Kikristo yenye house na hip-hop?

Mkuu, umeuliza kama kuna albamu ya Kikristo yenye house (muziki wa dansi wa kielektroniki) na hip-hop pamoja, ya kumpa mdogo wako anayechoka na pambio. Anza na Capital Kings, albamu yenye jina la kundi lenyewe, ya 2013. Wakati huo walikuwa vijana wawili wa Marekani, Jon White na Cole Walowac, chini ya lebo ya Gotee ambayo mwanamuziki wa Kikristo TobyMac ni mmoja wa waanzilishi wake. Huyo alianza na dc Talk, kundi lililokuwa la kurap kabla ya kuhamia rock, kwa hiyo harufu ya hip-hop haikosekani.

Ile hoja ya rafiki yako kwamba house ni "muziki wa klabu tu" sikubaliani nayo sana. Kweli ilizaliwa klabuni, Chicago, Frankie Knuckles akiwa DJ pale Warehouse. Lakini sikiliza nyimbo za house za zamani: kinanda na uimbaji ule umetoka moja kwa moja kwenye kwaya za watu weusi. Mdundo tu ndio umenyooka, mapigo 120 na ushee kwa dakika.

Tahadhari: kwenye albamu hiyo ya Capital Kings sinthesaiza ni nyingi. Mzee wa kanisa asipewe spika kubwa.