Kwa nini kinga ya mapafu ya mvutaji huzidiwa na bakteria
Umeuliza inakuwaje mvutaji wa sigara apate nimonia kwa urahisi ilhali mapafu yake yana seli nyingi za kinga kuliko ya asiyevuta. Wingi huo ni wa kweli, lakini hauna maana ya ubora: makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu ndani ya vifuko vya hewa, huongezeka mara kadhaa, ila zikitazamwa kwa hadubini huonekana zimejaa chembechembe za kahawia zitokanazo na moshi, na uwezo wake wa kumeza na kuua bakteria huwa umepungua. Hata kabla ya hapo, vinyweleo vidogo sana vya ndani ya njia za hewa, vinavyosukuma ute kwenda juu, huwa vimefupishwa na kudhoofishwa na moshi, hivyo bakteria hukaa muda mrefu pale ambapo wangefagiliwa nje. Neutrofili, aina nyingine ya seli za kinga, nazo huitwa kwa wingi, na kimeng'enya chake kiitwacho elastasi huharibu tishu za mapafu yenyewe, jambo ambalo nadhani husahaulika mno. Mtu akiacha kuvuta, vinyweleo huanza kufanya kazi tena, na ndiyo maana baadhi hukohoa zaidi katika wiki za mwanzo.