Maswali na Majibu: Farasi Wako Alishinda, Ila kwa Odi ya Saa Ngapi?

Barua za mwezi huu zimejaa farasi. Wengi mna kanuni ya kubeti, mmeipitisha kwenye matokeo ya miaka ya nyuma, hesabu imetoka na faida, na sasa mnauliza kama faida hiyo ni ya kweli. Nimechagua barua saba. Baadhi nimezifupisha.

"Shikamoo mwandishi. Nabeti mbio za Uingereza. Kanuni yangu: farasi aliyemaliza wa pili mara ya mwisho, anarudi uwanjani ndani ya siku 14, kwa umbali uleule. Kwenye matokeo ya misimu miwili nimepata madau 400, odi ya wastani 6, faida asilimia 11. Nilijaribu kanuni nyingine kama arobaini hivi, hazikufua dafu. Niweke pesa?" Msomaji, Nakuru

Marahaba. Jambo zito kuliko yote katika barua yako umelitaja kama kitu cha pembeni: zile kanuni arobaini.

Kwa odi ya 6 unapoteza dau lote mara nyingi, kisha mara mojamoja unarudishiwa mara sita. Matokeo ya namna hiyo huyumba sana. Kwa madau 400, bahati peke yake inatosha kuyasogeza matokeo kwa takriban asilimia 11 juu au chini, na hakuna wa kushangaa. Kumbuka pia kwamba huanzii kwenye sifuri, maana kampuni imeshakata chake ndani ya odi. Tuseme anayechagua farasi kwa kubahatisha katika odi hizo hupoteza asilimia 10. Mtu huyo ana nafasi kama 1 kati ya 40 ya kujikuta na faida yako ya asilimia 11 baada ya madau 400. Nafasi ndogo, ndiyo. Lakini umejaribu mara arobaini! Kanuni arobaini zisizo na maana yoyote zina uwezekano wa karibu asilimia 64 wa kutoa angalau moja inayong'aa kama hiyo yako.

Sisemi kanuni yako ni mbovu. Nasema matokeo uliyonayo hayawezi kututenganishia nzuri na mbovu. Iandike kama ilivyo, weka tarehe, usiiguse tena. Kisha ipitishe mara moja tu kwenye miaka ambayo hukuitumia kuitafuta. Ukiona imeshindwa, ukabadilisha siku 14 kuwa 21 na kurudia, basi miaka hiyo nayo umeshaitumia na haifai tena kwa mtihani. Na leo hii, kabla hujafanya lolote, futa washindi watatu wenye odi kubwa kuliko wote kwenye orodha yako uone faida inabaki ngapi. Wengi hukosa usingizi wakifanya hivyo.

"Duka la kubeti mtaani kwetu lina mbio za farasi za kompyuta, kila dakika chache moja. Nimerekodi matokeo kwa wiki kadhaa na namba 4 inashinda sana mchana. Nitumie?" Msomaji, Mombasa

Hapana. Pale hakuna farasi. Kuna programu inayochota namba kwa bahati nasibu, halafu picha zinachorwa kufuata namba iliyotoka. Namba 4 ya mchana haina miguu, haichoki wala haipendi jua. Mbio iliyopita haiachi alama yoyote kwenye inayofuata, kwa hiyo daftari lako halina cha kukueleza kuhusu kesho.

Kuna kitu kimoja tu unachoweza kukipima, nacho ni makato. Kwa kila farasi gawanya 1 kwa odi yake, kisha jumlisha. Mfano, farasi watano wenye odi 2.5, 4, 5, 8 na 10: unapata 0.4, 0.25, 0.2, 0.125 na 0.1, jumla 1.075. Maana yake ukitaka kuwabeti wote ili ulipwe shilingi 100 yeyote atakayeshinda, utatoa shilingi 107.50. Fanya hesabu hiyo kwenye skrini ya duka lenu. Hata uvizie namba 4 miaka mingapi, jumla ile haitasogea.

"Mimi ni mwanaprogramu. Nimepakua matokeo ya miaka mingi, nimeifundisha modeli (programu ya kutabiri), na inapatia mshindi asilimia 45 ya mbio, faida asilimia 30. Wenzangu wananicheka. Wanaona wivu?" Msomaji, Dar es Salaam

Wenzako wana pua nzuri. Kwenye mbio za Uingereza, farasi mwenye odi ndogo kuliko wote, yaani yule ambaye maelfu ya watu wenye pesa zao wamekubaliana naye, hushinda takriban mbio 1 kati ya 3. Modeli yako ikiwapita wote hao kwa mbali kiasi hicho, mimi ningekuwa na shaka na data kwanza. Nadhani mtihani umevuja, na modeli yako iliingia na majibu mfukoni.

Mahali pa kutafuta uvujaji ni kwenye safu ulizozichukua bila kuuliza ziliandikwa lini. Asilimia ya ushindi ya mpanda farasi, kwa mfano. Kama ni ya msimu mzima, ndani yake kuna mbio za Oktoba, nawe unaitumia kutabiri mbio za Mei. Kipimo cha ubora wa farasi kinachotolewa na wataalamu wanaoamua kila farasi abebe uzito kiasi gani hurekebishwa baada ya mbio. Ukichukua cha leo ukakibandika kwenye mbio ya mwaka juzi, umeiambia modeli kwamba farasi huyu atakuja kuwa mzuri. Jumla ya zawadi alizowahi kushinda, hali kadhalika. Hata hali ya uwanja, kama ni mkavu au tepetepe, hubadilishwa katikati ya siku mvua ikinyesha, na kumbukumbu nyingi hubaki na maelezo ya mwisho tu. Kila safu iulize swali moja: je, mtu aliyesimama kwenye dirisha la kubetia dakika tano kabla ya mbio angeweza kuijua?

Tuje kwenye bei, ambako ndiko kanuni nyingi hufia. Kumbukumbu za Uingereza huonyesha odi rasmi ya mwisho, ile inayothibitishwa farasi wakishaondoka. Wewe ulipaswa kuamua kabla ya hapo. Kanuni ya "mbeti mwenye odi ndogo kuliko wote" inasikika nyepesi, lakini wawili wanaopokezana nafasi hiyo katika dakika za mwisho humjui yupi atafunga akiwa mbele. Kompyuta inamjua kwa sababu inasoma historia. Na yule farasi ambaye modeli yako inampenda kwa odi ya 8, kama kweli ni mzuri, wengine nao watamwona. Utakapofika dirishani atakuwa 6. Hizo mbili zilizopotea ndizo zilizokuwa faida yako.

Kuna na vidogo vidogo. Farasi akitolewa baada ya wewe kuweka dau, kampuni za Uingereza hukata sehemu ya faida yako kulingana na odi aliyokuwa nayo aliyetolewa, na makato hayo yanaweza kufika peni 90 kwa kila pauni. Wawili wakifika pamoja, nusu ya dau lako ndiyo inayolipwa. Kama unabeti Betfair, ambako wateja hubetiana wenyewe kwa wenyewe, kuna kamisheni juu ya ushindi. Programu yako imeyaingiza haya? Barua yako haikuyataja.

"Nabeti farasi mwenye odi ndogo kuliko wote. Nikikosa nadabo dau, yaani naweka mara mbili, nikikosa tena nadabo tena. Nimejaribu kwenye matokeo ya mwezi mzima, sikupoteza hata siku moja. Kaka, kuna kasoro?" Msomaji, Mwanza

Kasoro ni mwezi mmoja. Kwa farasi anayeshinda mara 1 kati ya 3, ukiweka madau 1,000, tarajia mahali fulani mfululizo wa kukosa wa mara 14 hivi. Ukianza na shilingi 100, dau la 15 ni shilingi 1,638,400. Je, mfukoni zipo? Na kampuni itakubali kulipokea?

Tena farasi wa odi ndogo wakati mwingine yuko chini ya 2, na hapo kudabo hakukuokoi hata ukishinda. Chukua 1.8. Umekosa 100, 200 na 400, jumla 700. Unaweka 800, unashinda, faida 640. Umeshinda, na bado una hasara ya 60.

"Kuna jamaa Telegram anauza kanuni ya farasi, ana grafu inayopanda tu. Bei elfu hamsini." Msomaji, Arusha

Mwombe orodha ya farasi wa kesho leo usiku, kila siku kwa miezi mitatu, pamoja na odi aliyoiona na saa aliyoiona. Akikubali, niandikie tena. Hatakubali.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kushinda kwa data? Nimesikia kuna Mmarekani alitajirika Hong Kong." Msomaji, Muscat

Yupo. Anaitwa Bill Benter. Alianza kwa kuhesabu karata kwenye kasino za Las Vegas, kisha miaka ya 1980 akaenda Hong Kong na Mwaustralia Alan Woods kujenga modeli ya kompyuta ya mbio za farasi. Mwaka 1994 aliandika makala ya kitaalamu akieleza namna walivyofanya, na inastahili kusomwa na kila aliyeniandikia mwezi huu.

Uwanja aliouchagua ni nusu ya habari. Hong Kong ina viwanja viwili, Happy Valley na Sha Tin, na farasi walewale, zaidi ya elfu moja hivi, hukutana wao kwa wao msimu mzima. Kumbukumbu zao ni kamili, hazina farasi wa kuja na kuondoka kama Uingereza yenye viwanja vingi. Na pesa inayobetiwa pale ni nyingi mno, kwa hiyo dau kubwa halitikisi odi sana. Lakini makato ni mazito: kwa dau la mshindi, klabu inayoendesha mbio huchukua takriban asilimia 17.5 ya madau yote kabla ya kuwagawia waliopatia. Mtu wa kubahatisha anaacha pale shilingi kumi na saba na nusu katika kila mia.

Aliyapitaje makato hayo? Msingi aliutoa kwenye utafiti wa Bolton na Chapman wa mwaka 1986, waliopima njia ya kukadiria uwezekano wa kila farasi kwa kutumia mbio 200. Benter aliona idadi hiyo ni ndogo mno. Alishauri angalau mbio 500 hadi 1,000. Kisha akafanya jambo ambalo wajuaji wengi huliona ni kujidhalilisha: aliurudisha umma ndani ya hesabu. Modeli yake ilipotofautiana na odi za watu hakudhani yeye ndiye mwenye haki. Alichanganya makadirio yake na yale ya umma, akipima kwa data kila upande una uzito gani, kwa sababu watu dirishani wanajua mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu: farasi aliyekohoa asubuhi, mkufunzi aliyekuja na uso wa furaha. Alibeti pale tu mchanganyiko huo uliposema odi ni kubwa kuliko inavyostahili.

Na kanuni haisafiri hovyo. Kule Marekani ilishaonekana tangu utafiti wa Griffith wa 1949 kwamba watu huwapenda kupita kiasi farasi wa odi kubwa, hivyo kuwabeti wale wa odi ndogo huumiza kidogo zaidi kuliko kuwabeti wengine. Busche na Hall walipopima Hong Kong mwaka 1988, mwelekeo huo hawakuukuta. Wewe wa Muscat ukiichukua kanuni ya New York ukaipeleka Sha Tin, unapeleka karatasi tu.

"Mimi huenda kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Jumapili. Farasi ni wachache na wanajuana. Si ni kama Hong Kong ndogo?" Msomaji, Nairobi

Swali zuri, dada, na nusu yake ni kweli. Ngong farasi walewale hukutana mara kwa mara, na anayehudhuria kila mara ana macho ambayo data ya Uingereza haiwezi kumpa.

Tatizo la kwanza ni idadi. Mbio za Jumapili moja ni chache, na kwa mwendo huo kufikisha 1,000 ni kazi ya miaka, ambapo farasi ulioanza nao watakuwa wamestaafu. La pili ni ukubwa wa mfuko. Kwenye toti madau yote huwekwa pamoja, makato yakatolewa, waliopatia wakagawana. Tuseme mfuko una shilingi 50,000, makato asilimia 20, na farasi wako amebetiwa 5,000. Kwenye karatasi analipa 8. Wewe unamwona ni dhahabu, unamwekea 5,000 nyingine. Sasa mfuko ni 55,000, wa kugawana ni 44,000, na farasi ana 10,000: analipa 4.4. Jaribio lako la matokeo ya nyuma lilihesabu 8 kila mara kwa sababu siku zile hukuwepo. Namba hizi ni za mfano, lakini hesabu ndivyo inavyokwenda kwenye toti yoyote ndogo, na ndiyo maana waliofaulu Hong Kong hawakuanzia kwenye uwanja mdogo.

Ukitaka kuendelea, beti kwa kalamu tu msimu huu. Kwa kila mbio andika, kabla farasi hawajaondoka, uwezekano unaompa kila mmoja kwa asilimia, jumla 100. Andika odi unayoiona na saa. Na baada ya mbio andika kilicholipwa. Safu ya saa usiiruke. Msimu ukiisha nitumie daftari hilo, nitalipitia hapa.