Juisi ya nyanya iliyovimbisha mifuniko: asidi, dakika na mwinuko wa mahali

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Ujiji, na mwezi uliopita nyanya za bustani yangu ziliiva zote kwa pamoja. Nilizikata kwenye beseni, nikazichemsha, nikachuja, nikajaza juisi kwenye chupa za jemu mpaka mdomoni, kisha nikazichemsha chupa hizo kwenye sufuria kwa dakika ishirini. Dada yangu aliyeko Tabora mjini alifanya vivyo hivyo. Juisi yangu imejitenga, maji juu na wekundu chini. Chupa zake tatu zimevimba mifuniko. Je, kosa ni la chupa? Tunaweza kunywa zilizobaki? Naweza kukamulia limau za mti wangu? Na je, naweza kutia kabisa kitunguu na mawese ili liwe rojo tayari la kupikia dagaa?

JIBU: Nzuri, mama. Nianze na lile lisilosubiri. Chupa tatu zilizovimba zisifunguliwe, na asitokee mtu wa kuzionja ili kujua kama zimeharibika. Dada yako azifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuzifukia kwenye shimo refu ambalo kuku na mbwa hawalifikii. Zilizobaki nazo, za kwake na za kwako, ningeshauri zitupwe vivyo hivyo bila kufunguliwa, hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu hazikutiwa asidi na hazikuchemshwa kwa muda unaotosha. Najua inauma kumwaga jasho la bustani, lakini bakteria tunayemhofia hapa, Clostridium botulinum, anaweza kutoa sumu ndani ya chupa bila kubadilisha harufu wala rangi, na si kila mara mfuniko huvimba. Uvimbe alioona dada yako huenda ukawa ni wa hamira au vijidudu vingine visivyo na hatari kubwa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ikiwa kuna aliyekwisha kunywa, kisha akaanza kuona vitu viwili-viwili, kope zikamlegea, au akashindwa kumeza na kutamka maneno vizuri, apelekwe hospitali wakati huohuo, na waganga waelezwe kwamba alikunywa juisi iliyosindikwa nyumbani.

Chupa zina sehemu yake katika kosa hili, lakini chanzo ni asidi. Bakteria huyo huishi ardhini akiwa katika umbo la mbegu ngumu ambazo maji yanayochemka hayaziui. Zikifungiwa mahali pasipo na hewa, penye unyevunyevu, joto la kawaida na asidi kidogo, huota na kutoa sumu. Kinachozizuia kuota ni uchachu wenyewe: chakula chenye pH (kipimo cha uchachu, ambapo namba ndogo ndiyo uchachu mkubwa) ya 4.6 au chini ya hapo hakiziruhusu. Nyanya, kwa bahati mbaya, ziko pale pale mpakani. Zipo za 4.3 na zipo zinazokaribia 4.9, kutegemea mbegu, udongo na jinsi zilivyoiva, na kadiri nyanya inavyozidi kuiva na kulainika ndivyo uchachu wake unavyopungua. Hivyo ile nyanya nyekundu, tamu, iliyokaa kwenye mti mpaka ikatepeta, ambayo kwa kachumbari ni nzuri mno, kwa chupa ndiyo ya kuiangalia mara mbili. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu, zisizo na ufa wala ukungu, na usichume kwenye miche iliyokufa au iliyokauka. Tanya, Roma na Rio Grande zina nyama nyingi na zinafaa zaidi kwa nyanya za kupondwa; kwa juisi, aina yoyote yenye maji itakupa kitu cha kunywa.

Kwa kuwa huwezi kuujua uchachu wa kila beseni, kila chupa hutiwa asidi kwa kipimo. Kwa chupa ya lita moja, weka nusu kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaofanana na sukari laini, au vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau ya dukani yaliyopimwa na kufungwa kiwandani. Kwa chupa ya nusu lita, tumia nusu ya vipimo hivyo. Iweke asidi ndani ya chupa yenyewe kabla ya kumimina juisi, ili isitokee chupa moja ikapata zaidi na nyingine ikakosa. Limau za mti wako sizikatai jikoni, lakini kwa kazi hii hazitoshi kutegemewa, kwa sababu uchachu wake hutofautiana kati ya tunda na tunda. Siki yenye asidi ya asilimia 5, kama lebo yake inavyosema, nayo inafaa kwa vijiko vinne vya chakula kwa lita, ila ladha yake utaisikia. Juisi ikiwa chachu kupita unavyopenda, ongeza sukari. Usitie magadi hata chembe, kama wengi wanavyozoea kufanya kwenye mboga na maharage, kwani magadi huivunja asidi uliyoiweka na kukurudisha kwenye hatari ileile. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya kwingineko, kwa kiasi hiki ni ya ladha tu, haihifadhi chochote.

Tuje kwenye dakika. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi yakiwa usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochemka yakiwa na joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Ufukwe wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Tabora mjini ni karibu mita 1,200. Sufuria yako inatokota kwenye nyuzi 97 hivi, ya dada yako kwenye 96, na tofauti hiyo hulipwa kwa muda. Juisi ya moto iliyo kwenye chupa za nusu lita huchemshwa dakika 40 Ujiji na dakika 45 Tabora. Kwenye chupa za lita moja, dakika 45 Ujiji na 50 Tabora. Nyanya zilizopondwa, kwa kuwa joto hupenya polepole zaidi kwenye kitu kizito, huhitaji dakika 50 kwako na 55 kwa dada yako kwa chupa za lita. Walioko Kasulu na Kibondo wafuate hesabu ya Tabora, maana huko nako ni juu. Chupa ikizidi nusu lita, hata kidogo, ihesabu kuwa ni ya lita. Dakika zako ishirini, kwa hiyo, hazikufika hata nusu ya zile zilizotakiwa kwa chupa kubwa.

Muda huo huanza kuhesabiwa pale maji yanapotokota kwa nguvu baada ya chupa kuingia, si pale unapowasha jiko. Maji yafunike mifuniko kwa sentimita mbili na nusu au zaidi, na chini ya sufuria pawe na wavu au kitambaa kinene ili chupa zisigonge chuma. Mkaa ukififia na maji yakaacha kutokota, rudisha mtokoto na uanze hesabu upya tangu mwanzo; ndiyo sababu kwa kazi hii napenda gesi, au jiko la mkaa lenye mtu wa kulikalia. Presha kuka ya kupikia maharage isitumike kufupisha muda, kwa kuwa vipimo hivi havikutengenezwa kwa ajili yake.

Kujitenga kwa juisi yako ni jambo jingine kabisa, wala si dalili ya kuoza. Nyanya ikikatwa tu, kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili kilicho ndani yake, huanza kuvunja pektini, ile inayoshikilia nyama na maji pamoja, na beseni lililojaa vipande vinavyosubiri sufuria hukipa kimeng'enya hicho nafasi ya kutosha. Dawa yake ni joto la haraka. Weka sufuria tupu kwenye moto mkali, katia humo nusu kilo ya nyanya moja kwa moja kutoka mkononi, ziponde kwa mwiko papo hapo mpaka zitokote, kisha endelea kukata na kutumbukiza zilizobaki kidogo kidogo, ukiponda na kuhakikisha mtokoto haukatiki. Zikiisha zote, ziache dakika tano, chuja mbegu na maganda, na urudishe juisi kwenye moto ichemke tena kabla ya kujaza. Andaa kama kilo moja na nusu ya nyanya kwa kila lita. Ukiwa na sufuria ya stili isiyoshika kutu, itumie, maana asidi hula alumini na juisi hubaki na ladha ya chuma.

Jaza chupa ikiwa bado ya moto, na uache nafasi ya sentimita moja na robo kutoka mdomoni, kwani juisi hutanuka na hewa inahitaji mahali pa kutokea; chupa iliyojaa mpaka mdomoni hutapika, na nyama ya nyanya hubaki katikati ya kioo na mfuniko. Futa mdomo kwa kitambaa safi. Chupa za kioo za jemu zinaweza kurudiwa kama hazina ufa wala pengo, ingawa hupasuka kwa urahisi zaidi kuliko zile zilizotengenezwa kwa kazi hii. Mifuniko iwe mipya, kwa sababu utepe laini wa ndani ukishakandamizwa mara moja haushiki tena. Baada ya muda kutimia, zima moto, subiri dakika tano, kisha toa chupa uziweke juu ya taulo, si juu ya sementi baridi. Kesho yake bonyeza katikati ya kila mfuniko: ukiwa umezama na haurudi juu, umeshika, ukidunda, chupa hiyo iwekwe kwenye friji na itumiwe kwanza.

Kuhusu rojo la dagaa, hapana. Kitunguu hupunguza uchachu, na mawese hufanya mchanganyiko upate joto tofauti na ule uliotumika kupima dakika hizi. Funga nyanya peke yake, na siku ya kupika fungua chupa, kaanga kitunguu chako kwa mawese, umimine nyanya juu yake. Chupa zikae mahali pakavu penye giza, mbali na bati na mbali na jiko, na uziandike tarehe ili zitumike ndani ya mwaka mmoja. Ukifikiria kuwauzia majirani, usianze kabla ya kupita ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mafunzo ya usindikaji na kuuliza taratibu za TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa kuwa juisi ya kuuza hupimwa pH kwa kifaa, si kwa kijiko.