Muulize Fundi: Kadi ya maji itahimili chumvi ya Likoni?

Asalam aleikum fundi. Mi nakaa Likoni, ukitoka mlangoni bahari unaisikia, kompyuta yangu ni ya gemu na kuediti video za harusi. Sasa kuna jamaa mjini ananiuzia kadi ya grafiki yuzidi, GTX 1080 ya kampuni ya EVGA ile Hybrid, ina feni yake halafu mipira miwili ya maji inatoka inaenda kwa rejeta ya pembeni. Wenzangu wanasema ati maji na umeme hayakai nyumba moja, siku itavuja iue mpaka mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Na joto letu la kaskazi walijua. Nichukue ama niwache?
Msomaji, Likoni

Waleikum salaam ndugu yangu. Kuvuja kupo lakini si hiko ningekiogopa kwanza, ule mtambo umezibwa tangu kiwandani, hata tundu la kuongezea maji hauna.

Uzuri wake ni kwamba pampu imekalia chipu yenyewe, ule ubongo wa kadi, chini yake bamba la shaba, maji yanabeba joto mpaka kwa rejeta ya milimita 120 na feni inalitupa nje. Safi kabisa. Ila watu wakishaona mipira wanadhani kadi nzima inaoga, kumbe saketi ya umeme haiguswi na maji hata tone, inategemea bati lililolazwa juu yake na kile kifeni kidogo cha kwenye kadi. Kifeni kikigoma, kipimo cha chipu kitakwambia kila kitu kiko poa na huku saketi inaungua. Ndio maana mi naona AMD, wale wapinzani, walifikiria zaidi kwa kadi yao ya maji, Fury X ya 2015, memori waliipanga ubavuni mwa chipu, chini ya bamba lilelile, na saketi ya umeme wakaipitishia kibomba cha shaba cha maji hayohayo.

Haya, chumvi sasa. Mapezi ya rejeta ni alumini nyembamba kama karatasi, na kwako huko kusi ikianza kuvuma chumvi inaingia hadi kabatini. Chukua tochi umulike, ukiona unga mweupe umeshika mapezi jua yameshaanza kuliwa, tazama na skrubu za nyuma kama zina kutu. Na ukiinunua usiipeleke kupulizwa na kompresa ya petroli stesheni, nshaona mtu kapinda mapezi yote kwa dakika moja, brashi laini yatosha.

Umri nao usiusahau, 1080 ni za 2016, na maji hupenya mipira polepole mwaka baada ya mwaka, yakipungua hewa inaingia pampuni. Kwa hivyo iwashwe mbele yako, cheza gemu nusu saa nzima, sikiliza kama inagugumia kama mtu anayesukutua, halafu shika mipira yote miwili. Joto lake lataka kukaribiana, mmoja ukichoma na mwengine ukiwa baridi maji hayazunguki hapo. Garanti kwa umri huo usiitegemee, na EVGA wenyewe waliacha biashara ya kadi za grafiki 2022.

Kuhusu joto la kaskazi, maji hayashuki chini ya joto la chumba, chumba kikiwa 33 hapo ndipo unapoanzia, usitegemee maajabu. Faida ni moja, haitoi jasho la umande. Rejeta ifunge juu kwenye keisi ipulize nje, bora tu pampu isiwe ndio sehemu ya juu kuliko zote maana hewa itakimbilia huko.

Kama mapezi ni masafi na pampu kimya, chukua, lakini bei umkate sawasawa kwa ajili ya huo umri. Na akikataa kuiwasha kwa hiyo nusu saa, we panda feri urudi zako nyumbani.