Usibandue huo ukoko

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka 11 ana sungura wake, Kashata, tunamfuga uani hapa kwetu Majengo. Tangu wiki iliyopita anatikisa kichwa kama aliyeingiwa na maji, na hujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka sikio likatoka damu. Sikio la kulia limelala kabisa. Nimemulika ndani nikaona kitu cha kahawia, tabaka juu ya tabaka, mfano wa ukoko wa wali, na kinanuka. Jirani anasema nibandue huo uchafu kisha nipake oili chafu ya gari. Baba watoto anasema atiwe kwenye pilau, mambo yaishe. Mtoto analia tu. Je, ni nta au ni maradhi? Yatamshika mwanangu? Tuna paka, na jirani huyo huyo ana mbuzi wawili. – Mama Kashata, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulipoandika ukoko wa wali ulikuwa umeshajijibu. Nta ya sungura ni ya manjano, laini, na haimnyimi usingizi. Huo wako ni utitiri wa masikio. Ni wadudu wadogo mno, hata nusu ya kichwa cha pini hawafiki. Hawachimbi ndani ya ngozi kama wale wa upele wa binadamu. Hukaa juu yake, wakaitafuna na kunywa majimaji yanayotoka kwenye kidonda. Majimaji hayo yakikauka pamoja na damu, ngozi iliyokufa na uchafu wa wadudu wenyewe, ndiyo huo ukoko. Ukitaka kuwaona, chukua kipande kilichoanguka chenyewe, kiweke juu ya karatasi nyeusi juani, utazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona chembe nyeupe zinatembea.

Nimesema kilichoanguka chenyewe. Hapo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi kwa mikono yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa nyumba moja Mikindani. Sungura jike, mweupe, masikio yote mawili yamejaa. Nikajiona fundi. Nikatoa kibano, nikaanza kubandua nikidhani namsafisha apate nafuu. Chini ya ukoko ule ngozi ilikuwa mbichi kama nyama ya buchani. Watu husema sungura hana sauti, lakini siku ile alipiga ukelele kama wa mtoto mchanga, mwenye nyumba akatoka jikoni mbio. Baada ya hapo hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu niliambiwa amekufa. Hakuuliwa na utitiri, aliuliwa na maumivu na tumbo lililosimama. Tumbo la sungura halitakiwi kukaa tupu, na akipitisha nusu siku bila kugusa majani, hiyo tayari ni dharura.

Kwa hivyo ukoko uache. Wadudu wakifa, ngozi mpya huota chini na ukoko hujiachia wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Utaukuta sakafuni. Ukiona umekauka sana, matone mawili matatu ya mafuta ya nazi kwenye sehemu ya nje, ile unayoiona kwa macho, yataulainisha. Lakini usimimine kitu chochote ndani ya tundu la sikio. Hatujui kama ngoma ya sikio ni nzima.

Oili chafu mrudishie jirani. Sungura huosha masikio yake kwa viganja vya mbele kisha huvilamba, kwa hiyo chochote utakachompaka leo, kesho kimo tumboni. Tena sikio la sungura ndilo feni yake. Hatoi jasho kama sisi, joto la mwili hulitolea masikioni. Umpake oili nyeusi msimu wa kaskazi, hapa Mombasa, si bora ulichome sikio lenyewe sasa!

Dawa inayotibu ni aivamektini. Pengine umeiona kwenye duka la dawa za mifugo, chupa ya kudunga ng'ombe. Na hapa ndipo watu wengi huharibu. Chupa ya kawaida ya asilimia 1 imepimwa kwa ng'ombe: mililita 1 kwa kila kilo 50. Kashata akiwa na kilo 2, kwa kipimo hicho hicho anahitaji mililita 0.04, yaani hata tone moja halijatimia. Daktari wa mifugo anaweza kuamua kuongeza mpaka maradufu, kwa sirinji nyembamba ya insulini, baada ya kumpima uzito kwenye mizani. Kumkadiria kwa macho hapana. Usikubali muuza duka akuchotee "kidogo tu" kwa bomba la ng'ombe.

Sindano moja haitoshi. Dawa huua wadudu, mayai hubaki. Kutoka yai mpaka mdudu mzima ni kama wiki tatu, kwa hiyo sindano hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, na mara nyingine huja ya tatu. Wengi hukata tamaa au hujisahau katikati, maana baada ya ile ya kwanza sungura ameacha kujikuna na sikio limesimama. Mwezi ukiisha wananiandikia kwamba dawa ni feki.

Na sindano zote hizo ni kazi bure ikiwa kizimba hukukishughulikia. Utitiri unaweza kuishi siku nyingi nje ya sungura, hata wiki tatu hali ikiufaa, na nyufa za mbao ni kasri lake. Nyasi na maranda ya zamani choma. Sugua mbao kwa maji moto na sabuni, anika juani kutwa. Fanya hivyo kila siku ya sindano. Kama kuna sungura mwingine naye atibiwe, hata masikio yake yakiwa safi kama kioo.

Mambo mawili usiyaguse kabisa. Dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye fipronili imeshaua sungura. Na zile kapsuli za amoksilini zilizobaki kabatini usimfungulie kwenye maji ukidhani unazuia usaha. Dawa hiyo ikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vyema vya tumboni, akaharisha mpaka akafa.

Mwanao asiogope, utitiri huu hauishi kwa binadamu. Anawe mikono tu. Paka ana utitiri wa aina yake. Mbuzi ndio wa kutazamwa, kwani nao hupata utitiri wa masikio wa jamii hii hii, basi majani aliyoyalalia Kashata wasipewe.

Kumpeleka kwa daktari, toka alfajiri kabla jua halijakaza. Mfunge kwa leso kuukuu, kichwa nje, umtie kwenye kikapu chenye matundu, upande tuktuk. Asibebwe kwa masikio hata kidogo, ninyi watu wa Majengo nawajua.

Na baba watoto mwambie, sindano ikishapigwa nyama hiyo hailiwi mpaka daktari ataje siku. Pilau isubiri, au anunue kuku.

SWALI: Sungura wangu shingo imepinda, anazunguka upande mmoja tu. Masikio hayana uchafu wowote. Nimdunge aivamektini? – Msomaji, Likoni

JIBU: La. Shingo kupinda huweza kutokana na utitiri ulioachwa mpaka maradhi yakafika sikio la ndani, lakini wewe unasema masikio ni safi. Basi huenda ni usaha nyuma ya ngoma ya sikio, au vimelea vinavyoshambulia ubongo na figo, na tiba zake ni mbalimbali. Vuka feri leo leo umpeleke kwa daktari wa mifugo, usingoje Jumatatu. Kabla ya hapo mzungushie taulo zilizoviringishwa asijigonge, na majani umsogezee mdomoni, upande ule anaoweza kufikia.