Fedha iliyoingia si mapato ya mwezi: maswali ya wenye biashara za malipo ya kila mwezi

Asalaam alaykum. Nauza intaneti majumbani hapa Mkunazini. Wateja 40 wananilipa shilingi 30,000 kwa mwezi, 12 wananilipa 50,000, na nyumba 3 za wageni kila moja inalipa 1,800,000 kwa mwaka. Mwezi uliopita moja ya nyumba hizo ililipa, na nilifungia wateja wapya watano kwa ada ya 60,000 kila mmoja. Niliingiza 3,900,000. Mwezi huu nusu yake tu. Nimekosea wapi?

Waalaykum salaam. Hujakosea, ila umechanganya fedha iliyoingia na mapato ya kujirudia, yale ambayo wengi huyaita MRR. Mapato ya kujirudia ni kile wateja wako wa leo wanachokulipa kwa mwezi wakiendelea kama walivyo. Hesabu yako: 40 mara 30,000 ni 1,200,000, 12 mara 50,000 ni 600,000, wa mwaka wagawe kwa 12, yaani 150,000 kila mmoja, jumla 450,000. Biashara yako ni ya 2,250,000 kwa mwezi, na mishahara na gharama ya laini vipimwe kwa nambari hiyo.

Ada ya kufunga haimo, wala bei ya ruta uliyomuuzia mteja, maana hatainunua tena mwezi ujao. Kama unakusanya VAT, itoe kabla ya kuhesabu. Na zile 1,800,000 za nyumba ya wageni, 1,650,000 ni za miezi 11 ya huduma ambayo bado hujaitoa. Ziweke kando. Hapa ndipo wengi wanapoumia: fedha ya mwaka inaliwa kwa mwezi mmoja, halafu miezi 11 mteja anahudumiwa kwa fedha ya wengine.

Kila mwezi napata wateja wapya lakini jumla haipandi. Nifuatilie vipi? (Wete)

Jumla peke yake haikwambii kitu. Fungua karatasi ya Excel, au daftari la mistari, na kila mwisho wa mwezi andika mafungu haya: mwanzo, wapya, waliopanda kifurushi, walioshuka, walioondoka, waliorudi. Andika shilingi, si idadi ya vichwa.

Tuchukue hesabu ya ndugu yetu wa Mkunazini. Anaanza na 2,250,000. Wapya wanne wa 30,000: ongeza 120,000. Watatu wamepanda kutoka 30,000 hadi 50,000: ongeza 60,000. Mmoja ameshuka kutoka 50,000 hadi 30,000: toa 20,000. Watano wa 30,000 wameondoka: toa 150,000. Anamaliza na 2,260,000. Ukitazama jumla utasema mwezi ulikuwa shwari, lakini 170,000 zimevuja, karibu asilimia 7.6 ya alichoanza nacho. Uvujaji huo ukiendelea mwaka mzima, fedha ya wateja wa leo itakayobaki haifiki asilimia 40, na wapya wote watakuwa wa kuziba pengo tu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta wapya, pigia simu wale watano. Muulize kila mmoja sababu na uiandike mbele ya jina lake: amehama nyumba, intaneti inakatika usiku, bei, au alisahau kulipa tu. Wa mwisho ndiye rahisi kumrudisha, na ndiye asiyepigiwa.

Nina jimu Chake Chake. Mtu akichelewa kulipa, nimuhesabu au nimtoe?

Weka kanuni moja na usiibadilishe kwa ajili ya kupendeza jumla. Siku 7 za subira zinatosha. Zikipita, muhamishie kwenye walioondoka. Akilipa siku ya 20, mwandike kwenye waliorudi, usimuite mpya. Anayebaki kwenye orodha miezi mitatu bila ya kulipa ni mgeni wa daftari tu.

Jambo jengine ni kwamba malipo ya simu hayajikati yenyewe. Mteja ndiye anayetuma. Mkumbushe kwa ujumbe siku 3 kabla, na tarehe ya kulipa iwe baada ya mshahara wake kuingia. Kisha mpe kila mteja nambari yake ya kuandika anapotuma fedha. Mara nyingi fedha hutumwa kwa simu ya mke au kaka, jina linalokuja silo lililopo kwenye orodha, na aliyelipa anazuiliwa mlangoni. Mtu akiaibishwa hivyo mara moja, harudi.

Nafundisha Kiswahili kwa mtandao kutoka Mji Mkongwe. Wanafunzi wako Ulaya, wanalipa kwa yuro. Mapato yanapanda na kushuka ilhali wanafunzi ni wale wale.

Kinachocheza ni bei ya yuro. Chagua kima kimoja cha kubadilishia, mathalani cha tarehe 1 Januari, ukitumie mwaka mzima kwenye karatasi ya mapato ya kujirudia. Faida au hasara ya kubadilisha fedha iende mstari wake. Makato ya kadi usiyatoe hapa. Hayo ni gharama.

Hoteli ninayoihudumia Paje inafunga msimu wa masika na kuomba isilipe Aprili na Mei. Ni mteja aliyeondoka?

La. Mfungulie fungu la "waliosimama", umtoe kwenye mapato ya miezi hiyo miwili, na umrudishe Juni. Ila mkubaliane kwa maandishi tarehe ya kurudi. Bila ya tarehe, mhesabu ameondoka.

Vocha za intaneti za wiki zinaingia? (Nungwi)

Anayenunua akijisikia, haingii. Hayo ni mauzo ya kawaida, yaandike kando. Aliyejifunga kulipa kila wiki anaingia, lakini usizidishe kwa 4. Zidisha kwa 52 ugawe kwa 12: wa 8,000 kwa wiki ni kama 34,667 kwa mwezi, si 32,000.